Nukta ya Sufi

Siku arobaini na tatu zilikuwa zimepita tangu Mizani aseme na wifi yake, na kazi haikuwa imesimama hata siku moja. Walitumia karakana moja, paa moja na bomba moja la maji. Chumba cha mbele kilikuwa cha mke wa kaka yake, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha. Humo alipokea wateja, akaandika oda na kuonyesha vitambaa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mizani, aliyejaza na kushona magodoro, mito na viti. Katikati alikaa Fundi, kaka wa mmoja na mume wa mwingine, aliyechonga fremu za makochi na kuwasha msumeno wa umeme kila aliposikia sauti zinapanda, hata kama hapakuwa na ubao wa kukata. Kutoka meza ya mbele hadi meza ya nyuma ni hatua kumi na moja.

Jina la Mizani alipewa na wateja. Hakuna mto uliotoka mikononi mwake kabla haujapimwa. Mteja akilalamika kwamba mto mmoja ni mwembamba kuliko mwenzake, aliipandisha yote miwili kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, akaugeuza uso wa mizani upande wa mteja asome mwenyewe.

Ugomvi ulikuwa juu ya chumba cha nyuma. Mizani alijaza vitu kwa sufi, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye maganda ya msufi, na kwa sufu, manyoya ya kondoo yaliyooshwa na kuchanwa. Majina yanakaribiana, vitu havikaribiani. Sufi ni nyepesi, haishiki maji, na hurudishwa kazini: godoro likilala unalifumua, unaanika, unachambua, unajaza upya. Mizani alikuwa na mito aliyoijaza mara ya nne kwa sufi ileile, akiongezea kidogo tu. Sponji nayo alikuwa ameifumua, katika makochi yaliyoletwa kubadilishwa kitambaa. Baada ya miaka minane ilikuwa ikimomonyoka kama mkate mkavu na kuacha unga wa manjano mikononi, na unga huo haukuwa na pa kwenda isipokuwa jalalani.

Mama Pacha alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kipuuzi. Sufi inaruka. Ilipita chini ya mlango ikatua kwenye vitambaa, kwenye chai na kwenye nywele. Mmoja wa wanawe pacha alikuwa na pumu, na siku za kuchambua sufi alikohoa mpaka mbavu zikamuuma. Sponji inakuja imekatwa. Unaichonga kwa kisu kirefu, unaivika kitambaa, kazi imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Chumba cha nyuma kingeenea mashine ya kukatia na rafu mbili. Kitu kimoja tu hakikuwa na nafasi humo, naye alikuwa wifi yake.

Siku ya mwisho waliyosemezana, Mama Pacha alimwambia mteja, kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba wifi yake anashona viota, na ndege wakija kuulizia watapewa namba. Mteja akacheka. Mizani alitoka na wembe, akapasua mto wa kochi ambao mteja huyo alikuwa ameuleta, akaukung'uta juu ya kitabu cha oda. Unga wa sponji ukafunika ukurasa mzima. Mteja aliacha kucheka. Msumeno ukawashwa.

Baada ya hapo Fundi aliwasimamisha wote wawili mbele ya benchi lake. Alisema amechoka kuwa ukuta. Kosa lingine lolote likitoka nyuma, kuanzia tarehe moja ya mwezi unaofuata chumba ni cha sponji, na dada yake atafute pa kushonea. Likitoka mbele, kitabu cha oda atakishika dada yake, na neno sponji lisisikike tena humo ndani. Wote wawili walikubali mara moja, kila mmoja akiwa na uhakika na uzembe wa mwenzake.

Tangu siku hiyo oda zilisafiri kwa karatasi. Mama Pacha aliandika, akachana, akaisukuma chini ya mlango wa nyuma kwa ncha ya kiatu. Mizani, mikono ikiwa imejaa sufi, aliiokota na kuichoma ukutani kwa sindano aliyokuwa nayo wakati huo. Ukuta wenyewe hapo ulikuwa ubao wa mlango wa zamani, mweusi kwa miaka na mafuta ya mikono. Zamu ya kazi ile ikifika, alichomoa sindano maana aliihitaji, akaibana karatasi kwa pini ndogo kwenye pembe, ndipo akasoma.

Hivyo ndivyo alivyoisoma karatasi ya mteja mmoja aliyeitwa Nesi. Ilikuwa na mistari miwili. Mito sita ya kochi, sufi. Godoro moja la mzee, sufi. Alijiuliza kidogo kwa nini neno limeandikwa mara mbili badala ya kuandikwa mara moja kwa vyote. Kuuliza kungemgharimu hatua kumi na moja na kufungua mdomo. Hakuuliza. Alijaza mito, akajaza godoro, akapima: godoro kilo tisa na robo. Aliandika uzito pembeni, na mzigo ukaenda.

Siku tano baadaye, saa tatu asubuhi, Nesi alirudi. Alikuwa mwanamke mrefu, bado amevaa sare ya hospitali chini ya sweta, akitoka moja kwa moja zamuni. Hakusalimia. Alimwomba Mama Pacha kisahani cha chai, na Mama Pacha, akidhani mteja ana njaa, akampa na biskuti. Nesi aliiondoa biskuti. Kutoka kwenye bahasha alitoa pamba kidogo, akaiweka kwenye kisahani, akawasha kiberiti. Ile pamba haikuungua, ilitoweka. Moto ulipanda mara moja hadi usawa wa kidevu chake, ukaisha, na kisahani kikabaki na madoa ya masizi.

Kisha akakata uzi wa sweta lake kwa meno, akauwasha. Uzi ulijikunja, ukanuka kama nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe.

"Hii ndiyo niliyoagiza," alisema. "Ile ya kwanza ndiyo mliyonipa. Nililiinua godoro kwa mkono mmoja kubadilisha shuka, nikajua kuna kitu hakiko sawa. Baba yangu anavuta akiwa kitandani. Nimemwomba, nimemfichia kiberiti, nimelia mbele yake. Anavuta. Godoro lake la sponji lilishika moto mwezi wa pili, majirani wakamtoa kwa kumvuta miguu, moshi mweusi ukakaa ukutani mpaka leo. Nikaja hapa nikasema sitaki tena hiyo kitu, nataka vinavyoota au vinavyonyolewa. Huyu dada wa kitabu akaniambia vizuri kabisa, mito weka sufi, mzee mwekee sufu, haishiki moto haraka. Nikamwamini. Mkanishonea utambi."

Fundi alikuwa ametoka na randa mkononi. Mizani alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Mama Pacha alikuwa amekaa na kisahani mbele yake.

Nesi alisema mzee kwa sasa analala kwenye mkeka na anamtukana kila mtu aliyepo nyumbani. Alitaka godoro la sufu Ijumaa. Godoro la sufi lilikuwa nje, kwenye mkokoteni. Hakutaka kujua kosa ni la nani, hilo wangelimaliza wenyewe. Aliondoka.

Walilimaliza wenyewe, wakianza pale pale.

"Baba Pacha, mwambie dada yako alete karatasi," alisema Mama Pacha. "Niliandika sufu. Nimeshauri sufu, nimesema sufu, nimeandika sufu."

"Mwambie mkeo karatasi haitoki ukutani," alisema Mizani. "Aje aisome pale ilipo, asije akasema nimeiandika mimi."

Walikwenda wote watatu. Mama Pacha hakuwa ameingia chumba hicho tangu ugomvi, na alifunika pua kwa mtandio kabla ya kuvuka kizingiti. Karatasi ilikuwa kwenye ubao, imebanwa pembeni kwa pini. Fundi alivaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikaitikisa karatasi. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili, akarudia.

"Sufi," alisema. "Sufi na sufi. Nukta naiona."

"Hiyo ni u."

"U ina miguu miwili, Mama Pacha. Hii ina mmoja na mkia. Na ina nukta juu."

Mama Pacha alikubali kwamba mwandiko wake una haraka, herufi za mwisho huziburuza, lakini nukta hakuiweka. Halafu akauliza swali ambalo Mizani alikuwa amejiuliza siku ile ya kujaza. Kama vyote viwili ni sufi, angeandika neno mara mbili ili iweje? Mtu yeyote mwenye akili timamu angeshtuka, akauliza.

"Mimi nasoma kilichoandikwa," alisema Mizani, safari hii bila kumpitishia kaka yake. "Sisomi nia."

Fundi alivua miwani. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake hasa pale lilipomtia matatani. Alikwenda mbele, akachukua kitabu cha oda na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akavileta na kuviweka juu ya meza ya dada yake. Sponji, alisema, imekwisha. Mama Pacha alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akasema kwamba hongera, sasa mtoto atakohoa kwa kufuata utaratibu. Akatoka. Mlango wa upande wa nyumbani, ulioiunganisha karakana na nyumba ya Fundi, ulifungwa taratibu sana, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama ungebamizwa.

Mizani alifanya kazi mpaka saa sita. Alilifumua godoro la sufi, akajaza magunia mawili, akafunga midomo yake. Alipima sufu ya kutosha godoro jipya, akaiweka kando. Kisha akaamua kuinakili oda ya Nesi kwenye kitabu, kwa mwandiko wake mwenyewe wa herufi zilizosimama kila moja peke yake. Aling'oa pini, akaichukua karatasi, akailaza juu ya kitambaa cheupe cha godoro.

Nukta ya mstari wa pili ilikuwa nyeupe.

Aliinua karatasi kidogo, ikawa kijivu. Aliilaza tena, ikawa nyeupe. Akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye jua. Mwanga ulipita juu ya herufi ya mwisho, mwembamba na mviringo. Nukta ya mstari wa kwanza ilikuwa wino na haikupitisha kitu.

Alichukua sindano zake tatu, akazijaribu. Ya kwanza ilikuwa nene, ya pili nyembamba. Ya tatu, iliyopinda, ile ya kushonea kingo za mito, iliingia kwenye tundu bila kulipanua.

Mizani alikaa kitini. Mambo yalikuwa wazi, na aliyapanga kama alivyopanga kila kitu. Wifi yake aliandika u mbovu isiyo na mguu wa pili. Yeye mwenyewe alichoma karatasi bila kuitazama, sindano ikapita juu ya herufi hiyo, na ubao mweusi uliokuwa nyuma ukalijaza tundu rangi ya wino. Fundi alisoma nukta ambayo hakuna aliyeiandika. Kitabu cha oda kilikuwa mezani kwake kwa sababu ya tundu. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, ingetosha mdomoni kwa mara moja, na hakuna mtu ambaye angeuliza imekwenda wapi.

Hakumpenda wifi yake. Jambo hilo halikubadilika alipolipima. Ila alikuwa amewageuzia wateja uso wa mizani kwa miaka kumi na tano, na hakujua namna ya kuishi na mizani iliyotazama ukutani.

Alizivuka hatua kumi na moja na kuendelea hadi mlango wa upande wa nyumbani, akabisha.

"Umekuja kucheka?" aliuliza Mama Pacha. Alikuwa akikunja nguo za watoto, na hakuacha kukunja.

"Inua hii kwenye mwanga."

Mama Pacha aliichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaiinua dirishani.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Nukta ni yangu. U isiyo na mguu ni yako."

"Usinigawie. Bila nukta yako ungesoma nini?"

"Ningesoma suf na mkia. Nisingejua ni ipi. Ningekuja kuuliza."

"Usingekuja."

Mizani alilipima neno hilo upande wake na upande wa mwenzake, na matokeo yalikuwa yaleyale. Asingekuja. Angekisia, na angekisia sufi, kwa sababu sufi ilikuwa karibu na mkono.

"Kweli," alisema. "Nisingekuja."

"Usidhani nitakushukuru, wifi."

"Sikuja kushukuriwa. Nimekuja kurudisha kitabu."

Fundi alizima msumeno alipowaona wamesimama pamoja, maana hakuwahi kuliona hilo na alidhani kuna mtu amefariki. Walimweleza, mmoja akianza sentensi na mwingine akiisahihisha. Alivaa miwani, akatazama tundu, akatazama sindano iliyopinda, akakaa juu ya benchi. Alisema hakuna kilichomlazimu dada yake kusema. Mizani alijibu kwamba tundu lipo, asipolisema litabaki kuwa tundu. Basi, alisema Fundi, akiangalia sakafu, neno lake ni lilelile. Kosa limetoka nyuma.

Alisubiri mmoja wao amwombe alilegeze. Dada yake hakuomba. Mkewe alikuwa ameshachukua kitabu, na aliuliza jambo moja tu, hilo godoro la sufu litashonwa na nani, kwa kuwa wauza sponji hawajui hata kondoo anavaa nini. Fundi alisema dada atalishona kabla hajahama.

Robo saa baadaye Mizani alisikia viatu. Hatua zilihesabika, kumi na moja, zikakoma. Hakuna karatasi iliyopita chini ya mlango. Mlango ulifunguliwa na Mama Pacha akasimama hapo, mtandio puani, kitabu kimefunguliwa kifuani kama anayesoma hukumu.

"Godoro moja la mzee," alisoma. "Sufu. Sufu ya kondoo, yule anayelia mee. Nasema kwa mdomo, wifi, maana maneno ya karatasi unayatoboa."

"Nimesikia. Na u ya mwisho nimeisikia."

"Nukta nyingine unayo?"

"Moja inatosha."

Alilishona kwa siku mbili na nusu. Alichana sufu upya, akaipanga tabaka juu ya tabaka, akaifunga kwa mishono ya kupita chini na juu ili isikimbilie pembeni. Kabla ya kuziba kona ya mwisho alitoa kidogo, akaiwasha juu ya kisahani, akaiangalia ikijikunja na kuzimika. Aliandika uzito, kilo kumi na nane na nusu. Wakati huohuo, upande wa pili wa chumba, Fundi alikuwa akipima ukuta kwa ajili ya rafu za sponji, na walipeana nafasi ya kupita.

Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, Nesi alikuja na mtu wa mkokoteni. Aliliinua godoro kwa mikono miwili, akalishusha, akaomba kisahani. Safari hii Mama Pacha hakuweka biskuti. Jaribio lilifanyika juu ya kaunta, mbele ya wote, na sufu ikazimika yenyewe. Nesi alinusa, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, baada ya miaka kadhaa godoro likilala, alilete wapi lifumuliwe, hapahapa?

Meza ya Mizani ilikuwa tayari nje, kwenye ukuta, miguu juu. Alikuwa anahamia kwenye chumba kimoja nyumbani kwake, chenye dirisha kubwa na bila mtoto wa kukohoa.

Mama Pacha alifungua kitabu cha oda kwenye ukurasa mpya. Aliandika maelekezo ya nyumba ya wifi yake, mtaa, duka la kona, mlango wa kijani, na chini yake akaandika: sufi na sufu. Aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika chochote, akaweka nukta, akaipa u miguu yake yote miwili. Akachana karatasi na kumnyooshea Nesi.

Mkono wa Mizani ulifika kwanza. Aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaenda nayo mlangoni na kuiinua kwenye jua. Kisha akampa Nesi.

"Umetafuta tundu?" aliuliza Mama Pacha.

"Nimetafuta."

"Umeliona?"

"Bado," alisema Mizani, akatoka kushika upande wake wa meza.